Ndara za Redio

Mke wa fundi viatu alikuwa akianua nguo mumewe alipoingia uani, amevaa gauni la hospitali lililofungwa mgongoni, mrija wa mashine ya kupumulia ukining'inia mdomoni. Alikuwa peku. Mke akamletea kigoda na maji ya kunawa miguu, kisha akaendelea kuanua, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Ee Redio! Leo umeishiwa betri?"

Mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Fundi akainua mabega. Kwa mrija ule, hata kikohozi hakikupita.

"Mwache shemeji yako," mke akasema. "Kalazwa."

Kesho yake hospitalini, saa ya kuona wagonjwa, mke alimweleza daktari kwamba mgonjwa anakuja nyumbani. Daktari akaitikia kwa kichwa.

"Ndivyo walivyo, mama. Tukiwapa usingizi mzito, hawakai. Tukimpunguzia dawa atabaki hapa, afumbue macho, tujaribu kama anaweza kupumua mwenyewe. Lakini akizinduka atashtuka, atang'oa mrija. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwambia yuko wapi. Muuguzi ni mmoja, na vitanda unaviona."

"Basi nitakaa naye mimi."

"Saa ya kuona wagonjwa ikiisha, ndugu hawaruhusiwi."

"Mbona nyumbani nakaa naye mpaka giza linaingia?"

"Huko ni kwenu, mama," daktari akasema kwa upole.

Muuguzi akaongeza dawa, akasema alichokuwa akisema kwenye kila kitanda: "Ametulia."

Fundi aliendelea kuja. Ila usingizi mrefu hula miguu. Alianza kuchelewa, akija kwa kushikilia kuta, na siku moja wapita njia walimkuta ameketi kando ya barabara, magoti yamejaa tope. Tangu hapo mke hakumngojea tena. Alimfuata, mkobani amebeba ndara ambazo fundi alijishonea mwenyewe, na kila siku walikutana karibu zaidi na hospitali. Mwishowe fundi hakuweza kuvuka geti. Wakawa wanakaa kwenye benchi nje ya dirisha la wodi, yeye na mrija wake, mke akimsimulia habari za mtaani. Katika ndoa yao yote mke hakuwahi kupata zamu ya kusema. Sasa alikuwa nayo, na maneno yalipomwishia aliyarudia yaleyale.

Siku moja alikuta benchi tupu. Akangoja saa ya kuona wagonjwa, akaingia. Kitandani alilala binti asiyemjua, mashine ikimpumulia.

"Pole sana, mama," muuguzi akasema, akamkabidhi shuka aliloleta kutoka nyumbani.

"Aliamka hata kidogo?"

"Hapana, mama. Hakusumbua."

Alipotoka, binti yule alikuwa ameketi kwenye benchi, peku, mrija mdomoni, akitazama huku na huku. Mke wa fundi akaketi kando yake. Akatoa ndara mkobani, akainama, akamvisha. Zilimpwaya.

"Kwenu ni mbali, mwanangu?"

Binti akanyoosha kidole upande wa barabara kuu.

"Miguu yako bado ina nguvu. Nenda, watakuwa wanakungoja."

Binti akaondoka akiziburuta ndara. Dirishani, muuguzi alikuwa amefika kwenye kitanda cha binti.

"Ametulia," akasema.