Wakili Aliyenifukuza Ofisini

Sikatai, mimi ni mdaku. Kaunti nzima inajua kwamba Verna Stamper akisikia jambo asubuhi, saa sita limeshafika kanisani. Basi barua ya serikali kuu ilipomfikia kaka yangu Doyle, swali moja lilinichoma: alifanya au hakufanya? Wapelelezi wa serikali walidai mvua ya mawe aliyosema ilimharibia tumbaku, akalipwa bima ya mazao ya serikali, haikunyesha kamwe. Eti alimwaga barafu ya dukani shambani akapiga picha. Akipatikana na hatia ni jela miaka mitano, na shamba la baba linakwenda.

"Nitamweleza wakili," Doyle alisema. "Twende wote, utasikia hukohuko."

Wakili wa kwanza, Bwana Purvis, sura yake imejaa kwenye mabango ya barabara ya kwenda mjini Lexington. Alinivutia kiti, akanimiminia kahawa, akaahidi kuimaliza kesi kabla ya Krismasi. Nilimpenda papo hapo. Nikamuuliza amesimama mara ngapi katika mahakama ya serikali kuu.

Akakohoa. "Mahakama ni mahakama, mama."

Kumbe kesi zake zote ni za walevi waliokamatwa wakiendesha magari. Tukaaga kabla Doyle hajaeleza lolote.

Wa pili, Bi Tackett, alikuwa mwendesha mashtaka katika mahakama hiyohiyo ya serikali kuu miaka kumi na mmoja kabla ya kugeuka kutetea washtakiwa. Kahawa hakutoa.

"Umeongea na wapelelezi?" alimuuliza Doyle.

"Bado. Nilitaka niende tu niwaeleze."

"Usithubutu. Ukiwadanganya hata kidogo, hilo ni kosa jingine." Kisha akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

"Dada yake."

"Basi dada, tupishe."

"Tumenyonya ziwa moja, mama! Hana siri kwangu."

"Ndiyo maana. Akiniambia mimi peke yangu, hakuna wa kunilazimisha niseme. Akisema mbele yako, kesho unaitwa, unaapishwa, unaulizwa."

"Nitasema sikusikia kitu."

"Uongo chini ya kiapo? Vizuri, nitapata wateja wawili."

Doyle akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile ije.

Nilikaa nje saa moja na nusu. Nilijaribu kutega sikio, lakini mlango ulikuwa mnene na karani alinikazia macho. Nilikasirika sana. Halafu nikawaza: Purvis alikuwa tayari kusikiliza yote mimi nikiwa palepale, na wala hakujua anamchimbia Doyle shimo.

"Nimemchukua huyu mama," Doyle alisema tulipoingia garini.

"Umefanya vizuri."

Hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Verna, asubuhi ile shambani..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Doyle. Sitaki kujua."

Nilikuwa nadanganya, sijawahi kutaka kujua kitu namna ile. Machozi yake yalinilowesha vidole, na sikuutoa mkono mpaka alipoitikia kwa kichwa kwamba hatasema.