Masomo Arobaini Chini ya Usimamizi

Barua ilimkuta Madamu darasani, katikati ya kitenzi. Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, na hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi, maana habari njema alizoea kuzibandika kwenye ubao wa matangazo.

Barua ilisema kwamba baada ya miaka miwili hakuna mtu atakayefundisha lugha ya kigeni shuleni bila leseni, na leseni ilitaka vitu vinne: shahada, cheti cha kuijua lugha yenyewe, stashahada ya ualimu, na masomo arobaini yaliyofundishwa chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye leseni. Madamu alikuwa amefundisha Kifaransa shuleni hapo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na shahada ya tafsiri na chaki.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?" aliuliza.

Mwalimu mkuu aliisoma barua upya, kwa haki kabisa. "Kwa mujibu wa hapa," alisema, "ulikuwa unasaidia."

Nyumbani alimwonyesha mumewe, fundi wa friji. Mume aliisoma mbele, akaigeuza, akaona nyuma hakuna kitu.

"Mimi nikiambiwa nithibitishe kwamba najua friji," alisema, "nitaifungua."

"Ndicho wanachotaka. Niifungue mbele za watu."

"Basi ifungue, mke wangu." Akaendelea kunywa chai.

Cheti cha lugha hakikumsumbua. Alifanya mtihani katika ukumbi uliojaa vijana waliokuwa wakitafuna kalamu. Kwenye sehemu ya kuzungumza, mtahini alimwomba aeleze wikendi yake. Madamu alisema aliitumia kujiandaa kwa mtihani. Mtahini akauliza kama aliifurahia. Akajibu kwamba hapana, kwa sarufi safi kabisa, akafaulu.

Stashahada ilikula likizo zake zote. Aliandika insha ndefu kuhusu namna ya kumtuliza mwanafunzi msumbufu, jambo alilolifanya kila siku tangu mkufunzi wake akiwa shule ya msingi. Insha ilirudi na alama za wastani na maneno ya wino mwekundu pembeni: "Nadharia ipo. Uzoefu bado."

Yakabaki masomo arobaini. Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kifaransa mwenye leseni, binti wa miaka ishirini na sita aliyeajiriwa mwaka uliopita. Binti huyo alisoma hapo hapo, kwa Madamu, na kwa miaka minne hakuwahi kufungua kinywa darasani. Madamu ndiye aliyembatiza jina la Bi Kimya, na jina likamganda mpaka ofisi ya walimu.

Siku ya kwanza ya usimamizi Bi Kimya aliingia na ubao mdogo wa kushikia karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa popote."

Bi Kimya alikaa nyuma, dawati la karibu na dirisha, akavua saa yake na kuilaza juu ya meza. Madamu alifundisha somo ambalo angeweza kulifundisha akiwa na homa. Aliuliza, akafafanua, akatania, akajibu, akaandika, akafuta. Wanafunzi walicheka pale walipotakiwa kucheka. Kengele ilipolia alikuwa ametoka jasho zuri la kazi.

Walipobaki wawili, Bi Kimya alimpa fomu. Iliandikwa: Mwalimu anaongea, dakika 36. Wanafunzi wanaongea, dakika 2.

"Kipindi ni dakika arobaini," alisema Madamu. "Mbili ziko wapi?"

"Ulikuwa unafuta ubao."

Madamu aliiweka fomu mezani. "Watoto wanafaulu mikononi mwangu. Kila mwaka."

"Wanafaulu, mwalimu. Mtihani ni wa kuandika." Bi Kimya alikuwa akivaa saa, na mkanda ulikuwa unamsumbua. "Hata mimi nilifaulu. Nilipofika chuo, mgeni akaniuliza choo kiko wapi, kwa Kifaransa. Nilikuwa najua kiko wapi. Nilimshika mkono nikampeleka."

"Mimi nilidhani wewe ni mvivu."

"Nilikuwa natunga sentensi. Nikimaliza kuitunga, unakuwa umeshajijibu mwenyewe, tuko swali jingine."

Madamu alirudi nyumbani akafua mapazia, yote, ingawa yalikuwa safi. Mumewe alimsaidia kukamua. Alipoelezwa sababu, aliuliza kwa nia njema kabisa, "Huwa unasema nini, dakika zote thelathini na sita?" Madamu alimwambia akamue vizuri, pazia bado linachuruzika.

Kesho yake aliuliza darasa, kwa Kifaransa, nini kimetokea nyumbani kwao wiki hii. Kisha akafunga mdomo. Hakuna aliyejibu. Alihesabu nondo za dirisha, zilikuwa kumi na mbili. Akazihesabu tena. Jibu alikuwa nalo mdomoni, la moto, akalimeza.

Hatimaye msichana wa safu ya tatu alisema mdogo wake amekula sabuni. Alikosea wakati wa kitenzi, alikosea jinsia ya mdogo, na ya sabuni pia, maana kwa Kifaransa hata sabuni ina jinsia. Mikono ya Madamu ilimwasha. Akaishika nyuma ya mgongo.

"Kwa nini?" aliuliza mwingine, kwa Kifaransa.

"Alidhani jibini."

Darasa likamvamia kwa maswali. Sabuni ya rangi gani, mama alisema nini, mapovu yalitoka wapi. Habari hiyo ilichukua robo saa na makosa ishirini na saba. Madamu aliyahesabu yote, akasahihisha matatu tu, mwishoni, kwa sauti ya chini. Alijisikia kama mtu anayetazama maziwa yakifurika jikoni huku amekatazwa kusimama. Alijisikia pia kwamba hakuwa amewahi kusikia sauti ya yule msichana.

Fomu ilisema: Mwalimu anaongea, dakika 9.

Haikuwa hivyo kila siku. Somo la kumi na saba alipanda tena mpaka thelathini na moja, kwa sababu ya mtu aliyemuuliza kuhusu lafudhi. Lakini kufikia la arobaini, Bi Kimya alikuwa anasahau kutazama saa. Alitia sahihi ya mwisho, na Madamu akamwomba radhi, moja kwa moja, kwa lile jina na kwa ile miaka minne. Bi Kimya alisema hakuna neno, kisha akasema lipo, kisha wakaenda ofisi ya walimu kunywa chai. Walizungumza Kifaransa saa nzima, mara ya kwanza tangu wajuane. Sehemu kubwa alizungumza Bi Kimya, na hakuwa na haraka.

Leseni ilitoka baada ya miezi mitatu. Madamu aliifuata mwenyewe ofisi ya elimu, akasaini vitabu viwili, akaitia mkobani, akatembea haraka kuwahi kipindi cha saa tano.