Ndoo ya Harmen

Wietske alikwenda nyuma ya banda kutafuta reki, akakuta ua la tulipu ambalo hakulipanda. Ilikuwa nyeupe, na michirizi myekundu imepanda kutoka shinani kama ndimi za moto. Ilimpendeza mpaka ikamkera. Nani kaileta hapa?

Maana ya michirizi aliijua. Katika kijiji kile hata mtoto anajua. Ni ugonjwa. Wadudu vidukari huunyonya, wakaueneza shamba zima. Mumewe Harmen, aliyefariki wakati wa baridi, alizeekea kazi ya kupita mashamba ya watu na ndoo yake, aking'oa tulipu zilizougua. Hakuwa na simile. Hata bustani za wajane aliingia.

Reinder, mwenye shamba la tulipu ng'ambo ya mfereji, aliiona pia, akavuka.

"Jirani, samaki mmoja akioza ni wote. Ing'oe leo."

"Nitaing'oa. Ila kwanza nijue imetoka wapi."

"Ukishajua ndiyo itapona?"

Wietske akachimba, sepetu ikagonga chuma. Wakafukua ndoo, tena ya Harmen, imetobolewa chini, imejaa vitunguu vya tulipu, ndiyo mbegu yake, vikubwa kwa vichanga, vilivyozaana miaka na miaka. Hapo Wietske akakumbuka. Kila masika Harmen alitoka asubuhi na kahawa yake na kisu, akisema anakwenda kukata maua ili vitunguu vinenepe. Kumbe alingoja ua hili lichanue, akalitazama peke yake, kisha akalikata kabla mtu hajaliona. Mwaka huu hakukuwa na wa kulikata. Wietske alicheka, halafu akaona wivu, halafu machozi yakamtoka.

"Mganga hajigangi," alisema.

Reinder hakucheka. "Tulipu za mama yangu alizing'oa zote. Mama analia, yeye anang'oa."

Wietske alimtazama jirani yake, akajua kwamba kama angeifukia tena ile ndoo, Reinder, kwa kumwonea huruma, asingemzuia. Mkono ulimwasha kuifukia. Ng'ambo ya mfereji shamba lilikuwa jekundu mpaka upeo wa macho. Akalikata ua, kisha akamimina vitunguu vyote katika gunia la kuchomwa, hata vile vidogo kama punje za mahindi.

Ua akalitia kwenye glasi, akamkabidhi Reinder.

"Mama yako siku hizi anakaa mjini, kusikokuwa na shamba la kuambukizwa. Mpelekee. Mwambie limetoka kwa Harmen."