Balbu ya Vifaranga wa Kageha

Watu wa Migosi watakwambia Kageha ana mdomo, na kweli anao. Lakini yupo mtu mmoja ambaye mdomo huo haujawahi kumgusa: mkwewe Byron, mume wa bintiye Dolphine. Kwao Maragoli mkwe hagombezwi. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, na jikoni mwa mamamkwe hakanyagi, hata nyumba iwe inaungua.

Sasa Jumapili hiyo Kageha anatoka kanisani, mvua inanyesha, anasikia vifaranga wake wakipiga kelele, tena si kelele za shibe. Akafungua stoo mbio. Ala! Mwanga mweupe wa kuumiza macho, na vifaranga wamerundikana kwenye kona wakikanyagana. Akaishika ile balbu kwa kiganja. Baridi kama maji ya mtungi, wala si ile yake ya kuwapasha joto.

"Dolphine! Nani amegusa taa yangu?"

"Ni Byron, Mama. Ametuletea zawadi. Amebadilisha za nyumba nzima, ati hizi hazili stima. Zile za zamani amezitupa chooni zisikate watoto."

Hasira ilimpanda Kageha, lakini Byron mwenyewe alikuwa sebuleni, anatabasamu, anangoja kushukuriwa. Utamwambia nini mtu wa namna hiyo?

"Asante, baba," Kageha akaliambia zulia. "Nyumba imeng'aa."

Akachukua mwavuli akatoka. Vifaranga aliofuga mara ya kwanza walikuwa wameisha wote kwa baridi, na wa mara ya pili kwa moshi wa makaa usiku, naye alikuwa ameapa: hawa wakifa, hafugi tena. Na Mmaragoli asiye na kuku, mgeni akija atamwekea nini mezani, sukuma wiki? Alitembea huku roho inamuuma.

Huko Kondele, muuza duka aliposikia anataka balbu ya zamani, ile ya uzi, alicheka. "Mama, hizo zilipigwa marufuku kitambo." Duka la pili nalo likamwimbia wimbo ule ule. Akashuka hadi Kibuye, kwa Mzee Oyugi anayeuza vifaa kuukuu vya stima. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, utadhani anauza chang'aa, kisha akafunua gunia.

"Ni ya kuku?"

"Ni ya kuku, Mzee."

"Yawa! Kila mtu anasema zimeisha, na kila mwenye kifaranga anajua njia ya hapa."

"Na serikali je?"

"Serikali ilikataza taa. Mimi nauza joto."

Akatoa balbu moja, akaichomeka kwenye soketi yake ya kujaribia. Uzi wa ndani ukawaka mwekundu, kisha manjano. Kageha akakinga kiganja, akasikia joto likimpanda mkononi, akacheka peke yake. Alirudi nyumbani ameificha balbu kifuani, ndani ya leso, asiamini mkoba.

Stoo ilikuwa tupu. Akasikia sauti ndogo ndogo kutoka jikoni, akasukuma mlango.

Byron alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Kageha, kando ya jiko la makaa, madirisha yote wazi. Mapajani ameshikilia karai lililojaa vifaranga, limefunikwa kwa koti lake la kanisani, na wengine wametoa vichwa kwenye kola ya shati. Dolphine alikuwa amemwambia kwamba bila joto vifaranga watakufa. Byron alipomwona mamamkwe, akainamisha macho. Hakuna kifaranga hata mmoja aliyekuwa amekufa.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sikujua taa ndiyo moto wao." Kisha Kageha akaichomoa balbu kwenye leso, naye Byron akaiona. "Lakini hiyo... hiyo si ilipigwa marufuku?"

Akaanza kuinuka, mbio mbio, atoke jikoni mwa watu.

Kwa mara ya kwanza tangu harusi, Kageha akamtazama mkwewe machoni.

"Na mkwe kukaa hapo pia kulipigwa marufuku," akasema. "Keti, baba, keti. Ukisimama watamwagika."