Nilivyoachika kwa Ajili ya Chuo Kikuu

Mwaka wa sabini na tatu, wilaya yetu ya Kisii ilishikwa na homa ya chuo kikuu. Nairobi walikuwa nacho, nasi tukaona hakuna sababu ya watoto wetu kusafiri usiku kucha kwenda kutafuta digrii wakati sisi wenyewe tuna mvua, tuna ndizi, na maneno tunayo ya kutosha. Kutoka Nyamira hadi Ogembo, ukienda kusaga mahindi unakuta watu wanabishana juu ya chuo kikuu. Wengine hawakujua ni kitu gani, lakini walikitaka kabla Wajaluo hawajakipata.

Wizara ikajibu kwa upole wa serikali: mna vyuo viwili vidogo vinavyogombania mfadhili mmoja. Viunganisheni kwanza viwe kimoja, chini ya baraza moja, ndipo tutamtuma mtu aje aone.

Chuo cha kwanza kilikuwa Rianyangate, juu kidogo ya Ogembo. Kilikuwa cha Wasabato, na kilifunza wasichana ualimu. Majani ya chai yalimea hadi kwenye madirisha ya madarasa, na ndani hakuna aliyeruhusiwa kuionja. Mkuu wake alikuwa Mwalimu Bathsheba, mama yangu mzazi. Chuo cha pili kilikuwa Embaro, kule Nyansiongo, katika nyumba aliyoiacha mzungu pamoja na ng'ombe wake wa maziwa. Kilikuwa cha Wakatoliki, kilifunza vijana wa kiume kilimo, na mkuu wake alikuwa Cleophas Angwenyi. Huyo alikuwa mume wangu.

Kama wewe ni Mkisii, umekwisha kuliona tatizo. Kama si Mkisii, vumilia nikueleze. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawali meza moja, wala hawaketi chumba kimoja wakatazamana. Cleophas alikuwa na digrii ya Makerere, lakini siku moja alimwona mama yangu akija kwa mbali barabarani, akajitosa mtaroni na baiskeli yake, akasimama humo akitazama migomba mpaka mama akapita. Mama naye, aliyewafunza walimu wa wilaya nzima, alipita akitazama upande wa pili. Elimu ni elimu, na chinsoni ni chinsoni.

Mimi nilikitaka chuo kikuu kile kuliko wote, na si kwa ajili ya wilaya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mwalimu wangu alizisoma mara mbili. Nilitaka kusoma hesabu. Kisha nikampenda Cleophas, na siku zile ukipenda unaolewa, ukiolewa unazaa, nami nikampata Mong'ina. Chuo cha mama hakikupokea wanawake walioolewa, sheria aliyoitunga yeye mwenyewe. Cha mume wangu hakikupokea mwanamke wa aina yoyote. Kwa hiyo nilikuwa binti wa mkuu mmoja na mke wa mkuu mwingine, na sikuwa na pa kusoma. Nilikuwa nikikamua ng'ombe huku nikipiga hesabu kichwani, na kuna asubuhi nilizolia hapo hapo kando ya ndoo.

"Katika hicho chuo kipya," nilimwuliza mama, "mtanipokea?"

"Wake za watu hawalali bwenini, Gesare. Sheria ni sheria."

Nikamwuliza mume wangu.

"Tutaona," akasema.

Katika ndoa, "tutaona" ni "hapana" iliyovaa tai. Sikusahau.

Kamati ya kuunganisha vyuo ilikutana mjini Kisii, dukani kwa mwenyekiti wake, Josiah Momanyi, muuzaji wa saruji, mabati na vitambaa. Tulidhani mambo magumu yangekuwa ya dini. Wapi! Jumamosi au Jumapili? Zote mbili mapumziko, wanafunzi wakashangilia kabla hata hawajapatikana. Chai? Atakayetaka atainywa nyuma ya jiko, na hakuna atakayemwona. Jina likapatikana, wimbo ukapatikana, hata rangi ya sweta. Kilichoshindikana ni kuwaketisha wakuu wawili mahali pamoja.

Momanyi akapata dawa. Mume wangu aliketi stoo, juu ya mifuko ya saruji. Mama aliketi mbele, kwenye vitambaa. Mimi nikawekwa kwenye ujia katikati, nipeleke na kurudisha maneno.

"Mwambie Baba Mong'ina," mama alisema, "kwamba shamba la Embaro sasa ni la idara ya sayansi."

Nikavuka ujia. "Mama anasema shamba la Embaro ni la idara ya sayansi."

"Nimesikia," akasema Cleophas, kwa maana ukuta ule ulikuwa wa mbao na panya walikuwa wameutoboa. "Mwambie Mama shamba si neno, lakini ng'ombe ni wa idara ya kilimo."

Nilipogeuka, mama alikuwa ameshakunja uso. Lakini asingejibu mpaka nifike niseme. Siku nzima nilikwenda na kurudi, na visigino vyangu vikajaa saruji. Wao walijenga chuo kikuu, mimi nilikibeba mdomoni, na jioni nilikijua kuliko wote wawili. Hakuna aliyeniuliza naonaje.

Mambo yakaenda hivyo mpaka wizara ikaleta habari kwamba mgeni anakuja. Atataka kuwaona wakuu wawili meza moja, wapeane mikono, wapigwe picha. Mwisho wa wiki kamati ikaitwa kwa haraka. Siku hiyo mimi sikwenda, kwa sababu Mong'ina alikuwa na surua. Yaliyosemwa nilisimuliwa baadaye.

Momanyi alishika kichwa. Mmoja ajiuzulu? Mama alikohoa upande wake, Cleophas akakohoa upande wake, ikaeleweka kwamba hakuna atakayejiuzulu. Mmoja aseme ni mgonjwa? Mgeni angesema basi chuo chenyewe kigonjwa. Ndipo aliponyanyuka Mzee Omwenga, mshenga aliyeiunganisha ndoa yetu, mtu anayependa suluhisho hata pale ambapo hakuna aliyegombana.

"Sikizeni," akasema. "Kwani hawa ni wakwe sababu ya nini? Sababu ya ng'ombe za mahari. Ng'ombe zikirudi, hakuna mkwe. Zirudi kwa siku moja tu, wapeane mikono, wale, mzungu wa wizara aende zake."

"Si mzungu siku hizi," mtu akasema.

"Hata kama si mzungu. Akienda, tunapeleka ng'ombe tena."

Wakauliza kuhusu kanisa. Kanisa halikuwa na neno. Mama alitaka arusi Jumamosi kwa Wasabato, Cleophas alitaka iwe kwa Wakatoliki, wakabishana mwaka mzima kupitia kwa Mzee Omwenga mpaka nikajifungua, arusi ikasahaulika. Ndoa yetu ilishikwa na ng'ombe peke yao. Na ng'ombe wenyewe walikuwepo bado kwa mama, kwa sababu baba yangu alishaaga dunia na sina kaka wa kuoa nao. Kamati ikapiga makofi. Mama akakubali kutoka mbele, mume wangu akakubali kutoka stoo. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya ndoa ile kulikuwa na mtu.

Kesho yake nilikuwa uani Nyansiongo, namwosha Mong'ina, nikasikia lori la Momanyi likikohoa mlimani. Likasimama mlangoni. Wakashushwa ng'ombe. Nikamwona wa kwanza, mwekundu, pembe moja imevunjika, nikasema moyoni, huyu namjua. Akashuka wa pili, yule mweusi mwenye baka tumboni. Hao walikuwa ng'ombe wangu. Nikasimama na sabuni mkononi, nikajua nimeachika.

"Usishtuke, mwanangu," Mzee Omwenga alisema akishuka kwa shida. "Ni ya siku moja tu. Ni kwa ajili ya maendeleo."

Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira na kwa aibu, maana mama yangu alijua, mume wangu alijua, dereva wa lori alijua, na hata ng'ombe walikuwa na habari kabla yangu. Kisha nikafuta uso. Nikaifikiri sheria ya mama ya kutopokea wanawake walioolewa. Nikaipindua upande huu na upande ule, na ghafla nikataka kucheka.

"Mzee," nikamwuliza, "ng'ombe wamerudi ama hawajarudi?"

"Zimerudi. Si unaziona?"

"Basi na mimi narudi kwetu."

"Yaya, hapana! Haina haja! Ni mchezo tu wa siku moja!"

"Kama ni mchezo, kesho kutwa watapeana mikono wakiwa wakwe. Utaweza kuliangalia jambo hilo, mzee?"

Nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu na za mtoto. Cleophas akaja mbio kutoka zizi la chuo, viatu vimejaa samadi.

"Gesare, unaenda wapi?"

"Kwetu. Umenirudisha."

"Hii ni maneno ya kamati tu. Nilijua utaelewa."

"Nimeelewa, Baba Mong'ina."

Alitaka kunishika mkono. Mzee Omwenga akakohoa, kwa sababu angenishika, kurudisha kote kungeharibika. Akauteremsha mkono wake. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani kumpiga na kata ya maji. Nikapanda lori na Mong'ina, tukashuka njia yote hadi Rianyangate katika harufu ya ng'ombe wetu.

Mama alinipokea kwa mashaka. "Si ungebaki tu kule?"

"Mwanamke aliyerudishwa anakaa kwa mama yake. Ni mila."

Akamchukua Mong'ina mikononi, akaingia naye ndani. Mila alikuwa ameileta yeye.

Siku ya mgeni kufika Rianyangate ikawadia. Alikuwa mtu mpole wa suti ya kijivu, na kwa kuwa hakuwa Mkisii, hakuelewa kwa nini wazee wote walisimama kutazama watu wawili wakisalimiana. Mama alinyoosha mkono kama anayepima chungu kama kimepoa. Cleophas alikuwa anatazama viatu vya mama. Mikono ikagusana. Mzee Omwenga alifumba macho, akafumbua, akaona hakuna aliyepigwa na radi. Ndipo Cleophas akainua uso wake, akamtazama mama yangu kwa mara ya kwanza. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakujua tumefanana hivyo.

Na wakishaanza kuzungumza, nani wa kuwazuia! Miaka yote ya kupitisha maneno kwa wengine ilitoka siku ile. Mama alimweleza jinsi ya kuwafunza walimu wa sayansi shambani, Cleophas akadakia kabla hajamaliza, mama akamkatiza naye, wakacheka wote. Walikula kuku na ugali wa wimbi meza moja. Mgeni alifurahi, akasema hajaona wakuu wanaoelewana hivi, na kwamba barua ya kibali ataiandika vizuri.

"Jambo moja tu," akasema akinawa mikono. "Nairobi watauliza juu ya wanafunzi wa kike wa digrii. Mnao?"

Momanyi akaanza kuzungusha maneno. Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa. Nikaliweka chini.

"Niko mimi," nikasema. "Naitwa Gesare. Nataka hesabu."

Akaniuliza alama zangu, nikamwambia. Akageuka kwa mama. "Mwalimu Bathsheba, umenieleza kwamba hampokei walioolewa. Huyu ameolewa?"

Mzee Omwenga aliacha mfupa wa kuku katikati ya njia ya mdomo. Mama akisema nimeolewa, basi alikuwa ameshikana mikono na mkwe wake, amekula naye, amecheka naye, mbele ya wazee wa Kisii nzima. Alinitazama. Nilimwona akielewa, na nadhani nilimwona akikaribia kutabasamu.

"Hajaolewa," mama akasema.

"Bwana Angwenyi, wewe huna pingamizi?"

Cleophas aliitazama sahani yake. "Hajaolewa," akasema polepole.

Nilikuwa nimeshinda, lakini neno lile kutoka kinywani mwake lilinichoma. Nikaliokota birika nikaendelea kuwanawisha watu.

Mgeni alipoondoka tu, lori la Momanyi likaingia na ng'ombe wale wale, ambao sasa waliijua barabara ile kuliko dereva. Mzee Omwenga akaanza kusafisha koo lake la ushenga. Momanyi ndiye aliyemsimamisha.

"Ngoja kwanza, mzee. Hizi ng'ombe zikipokelewa, hawa wawili wataketi barazani tena namna gani? Na mwanafunzi wetu wa kike tutamtoa wapi?"

Kila mtu akafikiri. Mama alikuwa ameonja utamu wa kubishana na mtu bila kupitia ujia wa mtu mwingine. Kamati ikageuka kumtazama Cleophas, kwani ng'ombe ni wake.

Cleophas akawapita wote, akaja nilipokuwa nimesimama na Mong'ina mgongoni.

"Wewe unasemaje, Gesare?"

Tangu wajumbe wale waanze kuunganisha vyuo, kuvunja ndoa na kusafirisha mifugo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza naonaje.

"Nasema nitasoma kwanza, nimalize. Kisha uje uniulize. Mimi, si mama, si mzee."

"Na nikija kabla?"

"Njoo tu. Nitakujibu vile vile."

Ng'ombe walirudi Nyansiongo, kibali kikaja, nami nikaanza hesabu. Kwa muda wote niliosoma, baraza zima la chuo, Wasabato na Wakatoliki, liliniombea kwa Nyasae, Mungu wetu, nisiolewe, kwa maana siku nitakayoolewa wakuu wangerudi stoo na kwenye vitambaa. Nadhani hakuna msichana katika nchi hii aliyeombewa hivyo.

Cleophas alikuwa akija kila Jumapili na chupa ya maziwa ya Mong'ina, akiketi kwenye benchi nje ya bweni pamoja na vijana waliokuja kutembelea wachumba wao, tai imemkaba. Kabla ya kuondoka aliniuliza, nami nikamwambia bado. Alisikitika, na Jumapili iliyofuata akaniuliza tena. Sikumwambia wakati ule, lakini nilipenda sana kuulizwa.