Kandambili Iliyobaki kwa Bibi Ochi

Usiku wa jana niliota nimekaa chini ya wavu wa kufunikia takataka kunguru wasizichokore, pale kwenye kona ya mtaa wetu, nimebandikwa stika ya njano kwenye paji la uso. Sikushangaa. Anayeujua mtaa wetu hawezi kushangaa.

Mtaa wenyewe uko Ehime, Japani, ambako nimesoma magonjwa ya michungwa kwa miaka mitatu. Kwetu ni Muheza, nako ni machungwa matupu, kwa hiyo nilitoka kwenye machungwa nikaenda kwenye machungwa, na watu waliniaga kwa ngoma. Nimepanga chumba cha juu kwa Bibi Ochi, mjane wa miaka themanini na mbili, ambaye ndiye msimamizi wa takataka wa mtaa mzima. Wiki yangu ya kwanza aliurudisha mfuko wangu wa taka hadi mlangoni kwangu, una stika ya njano iliyoandikwa HAZICHUKULIWI. Kosa langu ni kwamba chupa ilikuwa bado na kifuniko chake. Kwa Bibi Ochi chupa ina siku yake, kifuniko kina siku yake, na ile karatasi ya chupa nayo ina siku yake. Nilimchukia mwezi mzima. Halafu nikampenda, sijui hata ilikuwaje.

Sasa kuna jambo la mlangoni. Wajapani hawatoki nyumbani kimya kimya. Unavaa viatu, unasema, "Naenda na kurudi." Aliye ndani anajibu, "Nenda urudi." Mimi na Bibi Ochi tumeambiana hivyo kila asubuhi, hata siku tulizokuwa tumenuniana kwa ajili ya vifuniko. Lakini leo naondoka moja kwa moja, narudi Muheza. Niseme nini? Nikisema naenda na kurudi, namdanganya mtu mzima. Nikisema ile kwaheri yao nzito, sayonara, kwa bibi wa umri ule, si ni kumzika anaona? Nikaona dawa ni kutoroka. Nitamwachia boksi la biskuti na kadi mezani, nitanyata alfajiri viatu mkononi, nitapanda basi la uwanja wa ndege, yamekwisha. Huo ndio mpango niliolala nao.

Basi, nimekaa chini ya wavu. Kunguru anakuja. Amevaa glavu nyeupe kwenye makucha na ana filimbi shingoni.

"Wewe ni taka ya kuchomwa au isiyochomwa?" ananiuliza.

"Mimi ni mwanafunzi."

Anatazama kalenda ya taka iliyobandikwa ukutani. "Wanafunzi huchukuliwa leo. Lakini hujatenganishwa."

"Nitenganishweje?"

"Kinachokwenda mfuko huu, kinachobaki mfuko ule. Toa kifuniko."

Navua mtandio.

"Toa lebo."

Lebo yangu siijui iliko. Kunguru ananigeuza, anabandua jina langu shingoni, taratibu, bila kulichana. Kumbe yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. La chini ni Mwajabu. La juu ni Muajabu-san, maana Bibi Ochi tangu siku ya kwanza hajawahi kulitamka bila kulitilia hiyo u, na san yao ya heshima mwishoni. Kunguru anatia kila moja kwenye mfuko wake. Nabaki sina jina, shingo inaingia baridi.

"Kuna shahidi?" anauliza kunguru.

Kando yangu ipo sufuria yangu ya umeme ya kupikia wali, nayo imebandikwa stika. Inafunua kifuniko chake yenyewe.

"Mimi nipo," inasema. "Huyu amenipikia ugali. Mimi, sufuria ya wali! Mara ya kwanza nilidhani amekosea."

"Ukafanyaje?"

"Nikawasha taa ya kuonyesha kimeiva ili yaishe."

"Na ugali wenyewe aliula na nani?"

"Na bibi. Bibi alikuja na kijiko chake akakomba mpaka ukoko. Halafu wakacheka, sikujua wananicheka mimi au vipi." Inajifunika kwa hasira.

Kunguru anapiga filimbi kidogo, kwa huzuni. Ananivuta mkono huku, ananivuta huku, sitengani. "Huyu ameshikana na nyumba," anasema. "Kitu cha namna hiyo hatuna siku yake. Jaribu uwanja wa ndege."

Hapo sanduku langu la safari likaja likijivuta kwa magurudumu, linahema.

"Twende," likasema. "Ila nimezidi uzito."

"Umezidi nini na jana nimekupima?"

"Kuna kitu umekitia ndani halafu ukakinyamazia."

Nikalifungua pale pale barabarani. Nikatoa masweta, nikatoa vitabu vya ukungu wa majani, nikatoa chupa ya sosi ya soya ya kumpelekea Mama. Kila kitu kilisema samahani kikasogea pembeni. Bado limezidi. Chini kabisa nikakuta soksi imepigwa fundo, na ndani yake kitu kidogo, kizito kama jiwe la kusagia. Nikakitikisa. Kikasema kwa sauti yangu mwenyewe ya asubuhi, "Naenda na..." Nikakifunga upesi. Sikutaka majirani wasikie.

Uwanja wa ndege uko soko la machungwa la Muheza. Ulikuwapo siku zote, sijui kwa nini sikuwahi kuuona. Nalipandisha sanduku kwenye mizani ya machungwa, na anayepokea abiria ni mama yangu mzazi. Amejifunga leso yake ya kila siku, na juu yake kiskafu cha shirika la ndege.

"Jina la abiria?"

"Mama, ni mimi."

"Nimeuliza jina."

Nashika shingo. Halipo.

Mama anaacha kunitazama usoni, ananitazama miguuni. Nami natazama. Yarabi! Nimevaa malapa ya chooni. Japani choo kina malapa yake, yanaishia mlangoni pa choo, na kutoka nayo ni aibu ambayo kila mgeni huipata mara moja akakoma. Mimi nimekuja nayo mpaka Muheza.

"Sisi tulimwambia," malapa yanasema.

"Umetoka hivyo nyumba ya watu?" anauliza Mama.

"Nilikuwa na haraka."

"Umeaga?"

"Nimeacha biskuti."

"Biskuti zinaaga?"

Foleni nzima nyuma yangu, wauza machungwa na maprofesa wangu wote wawili, inasema, "Hee!"

"Na kadi, Mama. Nimeandika kwa mwandiko mzuri."

"Nimekuuliza umeaga, wewe unanitajia duka. Miaka mitatu mtu anakufungulia mlango, unatoka kama paka aliyeiba nyama? Nani kakulea? Maana mimi siye." Anachukua stika ya njano, anailamba, anaibandika kwenye sanduku langu: HAZICHUKULIWI. "Rudi ukaage."

"Ndege itaniacha!"

"Itakuachaje na mimi nimeikalia?"

Nikachungulia. Kweli, kile kigoda chake kilikuwa na mabawa. Hapo ndipo nilipoanza kuangaza macho kutafuta njia, maana Mama hakai kitako muda mrefu. Akiinuka, ndege inaondoka, na viza yangu inakwisha leo. Nikiipanda bila kuaga, Mama hanipokei. Sina Ehime, sina Muheza. Nikainama nikapita chini ya meza yake, kwa kuwa njia ilikuwa hapo.

Nikatokea mlangoni kwa Bibi Ochi, ndani, pale kwenye kidaraja ambapo watu huvua viatu. Amekaa anafunga magazeti kwa uzi. Ananisalimu kwa Kiswahili cha Muheza kabisa.

"Hujambo, mjukuu wangu. Malapa ya chooni hayo."

"Najua, Bibi. Shikamoo."

Nainama kumpa heshima. Anainama kunijibu, chini zaidi. Mimi siwezi kuinuka kabla ya mkubwa, yeye hawezi kuinuka kabla ya mgeni. Tunazidi kuinama. Sakafu inatupisha. Tunapita mbao, tunapita saruji, tunafika kwenye udongo, mizizi ya mchungwa wake wa uani inatugusa mabega. Kwa mazoea naikagua. Haina ugonjwa. Huko chini, vipaji vya nyuso vimegusana, ndipo anaponiuliza.

"Unakwenda?"

"Nakwenda, Bibi."

"Basi sema neno lako tupande, mgongo unaniuma."

"Sayonara," nasema.

Juu yetu mlango unafumba tundu la kitasa, unaanza kuwa ukuta. "Hilo silitaki," unasema, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Asante kwa yote uliyonitendea."

"Hilo ni la kadi ya mezani," unasema mlango. Upande mmoja umeshapigwa plasta.

Kwa mbali nikamsikia Mama anakung'uta leso yake, dalili ya mtu anayetaka kuinuka. Nikalia. Mimi si mtu wa kulialia, lakini nililia kile kilio cha msibani, cha kushika kichwa.

"Bibi, sijui kama nitarudi! Nauli yenyewe ilikuwa ya wafadhili. Nikisema narudi, halafu nisirudi, nitakuwa muongo. Na wewe nakupenda, sitaki kukuachia uongo mlangoni."

Bibi Ochi akanitazama kwa karibu sana, maana vichwa vilikuwa bado vimegusana.

"Kwani nani kakuuliza kama unajua?" akasema. "Mimi nikienda kununua tofu yangu ya supu hapo kona nasema naenda na kurudi. Nina miaka themanini na mbili, na magoti haya. Unadhani nina hakika?"

Nikatikisa kichwa, chake kikatikisika pamoja na changu.

"Ukisema, mimi nateleka maji ya chai. Usiposema, nimtelekee nani? Wewe mtoto umesoma mpaka umepitiliza."

Nikatoa soksi. Fundo likafunguka lenyewe, na neno likatoka, jepesi, limechoka kungoja. "Naenda na kurudi," nikasema nalo pamoja. Sakafu ikatupandisha. Mlango ukabandua plasta yake ukarudi kuwa mlango.

Kunguru alikuwa anangoja nje, filimbi yake shingoni. "Anayesema neno hilo huacha kitu," akasema. "Nyumba imtambue."

Nikampa kandambili zangu za bluu, zile nilizotoka nazo Muheza, ya kushoto ukanda wake ulikatika nikautia pini.

"Moja inatosha," akasema kunguru.

"Kwa nini moja?"

"Ukiacha mbili, umesahau viatu. Ukiacha moja, utaudhika mpaka urudi."

Bibi Ochi akaipokea ile ya pini. Kwa desturi yao, kiatu cha anayeondoka hugeuzwa kitazame nje, avae na kwenda. Hii aliiweka kwenye rafu ya viatu, akaigeuza itazame ndani. Kunguru akanirudishia majina yangu shingoni, Mwajabu chini, Muajabu-san juu, akagandamiza kwa ukucha. Mama akainuka, ndege ikanguruma, nikazinduka.

Ni simu yangu, kengele ya kuamkia. Nje kunaanza kupambazuka. Nikajisonya. Ndoto za mtu aliyekula samaki mbichi jioni, nikasema. Mpango ni ule ule.

Nikavaa. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba tangu jana, mafundo ya gunia la machungwa, hayafunguki bila meno. Kandambili zangu zote mbili niliziona kwa macho yangu zikiingia chini kabisa. Nikaweka boksi la biskuti mezani, nikaweka kadi juu yake, nikashuka ngazi kwa vidole, sanduku kifuani, viatu vikining'inia mkononi.

Kwenye rafu ya viatu, juu, peke yake, kulikuwa na kandambili ya bluu. Ina pini. Inatazama ndani.

Nikakaa kwenye kidaraja. Nikagusa mafundo ya sanduku, hayajaguswa. Nikayafungua kwa meno pale pale, nikachimba mpaka chini. Kandambili moja, ya kulia.

 Halafu nikaviangusha viatu sakafuni kwa kishindo, makusudi. Nikavivaa, nikasimama, nikavuta pumzi.

"Naenda na kurudi!" nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

 Kisha nikasikia birika likitiwa maji, na jiko likiwashwa.

"Nenda urudi," ikajibu sauti kutoka jikoni.

Bibi Ochi akatoka na aproni yake, bado na nywele za usingizi. Alikuwa ameshalia au alikuwa amemenya vitunguu, sikumwuliza. Akanitazama usoni, akakunja uso kama anavyokunja akiona mfuko uliokosewa. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akanisugua kwenye paji la uso, palipokuwa panawasha tangu nilipoamka. Gundi ilitoka kidogo kidogo, njano.

"Muajabu-san," alisema, kwa kunilaumu tu.

Kisha akageukia rafu. Kandambili ilikuwa imekaa upande kidogo. Akainyoosha kwa kidole, ikatazama ndani sawasawa, akarudi jikoni kuangalia maji ya chai.