Kibao cha Mwalimu Wabwile

Jumanne ya pili ya muhula, mwaka 1986, katika shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Kitale, Mwalimu Wabwile aliandika ubaoni neno "sayari", akapangusa chaki kwenye suruali, akaliambia darasa la saba kwamba hilo ni neno la mababu zetu na maana yake ni nyota kubwa. Hakuwa na uhakika, ndiyo maana alilisema kwa sauti kubwa.

Jelimo akanyoosha mkono. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, mpishi wa Mwarabu mmoja mwenye duka mjini, na maneno ya nyumba ile yalikuwa yamemwingia.

"Mwalimu, si hiyo ni ya Kiarabu? Mzee wa duka anasema ni kitu ya kutembea. Zamani waliita msafara ya ngamia hivyo, saa hii wanaita gari. Ati nyota zingine zimesimama, lakini hizo zinatembea."

Darasa likacheka, na lilimcheka mwalimu. Siku zile mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa shingoni kibao cha mviringo, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Wabwile akakichukua.

"Kiarabu pia ni lugha ya nyumbani kwa mtu," akasema, akamvisha, akaamuru asikivue mpaka shule ifungwe kwa likizo.

Jioni alifungua kamusi ofisini. Msichana alikuwa amesema kweli tupu. Aibu ikampanda Wabwile hadi masikioni, akaifunga kamusi. Mficha uchi hazai, lakini yeye aliuficha. Jelimo alivumilia siku tisa za kuitwa Ngamia, kisha akakiacha kibao juu ya dawati, akarudi kwao Kapsokwony. Hakusoma tena.

Kesho yake asubuhi kibao kiliinuka dawatini, kikaanza kumzunguka Wabwile kichwani, polepole. Mwalimu mkuu alimwomba asisimame mbele ya ubao, kwani watoto wa nyuma walikuwa hawaoni. Kinyozi alijifunza kungoja kipite. Wabwile alipohamishiwa Bungoma, kilihama naye, ingawa barua ya uhamisho haikukitaja.

Mwaka 1998, kando ya barabara pale Kanduyi, alimkuta mwanamke akiuza vitunguu. Alimjua kabla hajainua uso. Jelimo alisogeza mwavuli wake ili kibao kipate njia.

"Mwalimu. Kumbe bado inatembea."

"Bado."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa na maneno tayari: ulisema kweli, na mimi nilijua. Aliona haya hata kuitazama mikono ya Jelimo.

"Mtoto wangu yuko darasa la tatu," Jelimo akasema. "Juzi ameniuliza hiyo neno ya sayari. Nimwambie vile najua, ama anyamaze tu?"

Wabwile alichagua kitunguu, akakigeuza, akakirudisha.

"Mwambie," akasema, "amsikize mwalimu wake."